Kumbukumbu Nilizoziandika Kabla ya Mkutano

Nimestaafu wiki ya tatu hii, na mke wangu ameshachoka nami. Naamka alfajiri, naswali, naoga, navaa shati la kazi, halafu ndipo nakumbuka. Hubaki nimeketi sebuleni na shati langu lililopigwa pasi. Yeye ndiye aliyeniambia, "Baba Fatuma, kama wataka kuandika, andika. Lakini usinipangie ajenda jikoni kwangu." Basi naandika. Nawaandikia nyinyi vijana wa ofisi ya elimu mliorithi bodi za shule, na hasa makarani, kwa kuwa maafisa wana semina zao.

Sitawaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye faili langu, faili langu liko masjala, na masjala naijua: hamtalipata.

Huko masjala ndiko nilikoanzia, chumba cha chini chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Karani mkuu alikuwa Mgoa mmoja mzee wa suruali nyeupe, ambaye siku yangu ya kwanza hakuniambia karibu wala habari za asubuhi. Alinipa karatasi ya kaboni iliyochakaa akaniuliza bado yaweza kutoa nakala ngapi. Nikasema tatu. Akasema, "Tano, ukigonga kwa nguvu." Kwake nilijifunza kugonga taipu kwa nguvu, kutunza faili, na kutotoa maoni yangu mahali ambapo sikuulizwa. Hayo mawili ya kwanza yalinifaa maisha yangu yote. La tatu ndilo lililokuja kuniponza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilitolewa masjala nikapewa bodi. Kila shule ya upili ya serikali ina bodi yake ya wazee wa mtaa, wazazi na watu wenye kazi zao mjini, ambao hukutana kuamua mambo ya shule. Kwa utaratibu, katibu wa bodi ni mwalimu mkuu. Lakini kisiwani hapa, kwenye bodi nyingi, mwenye kushika kalamu alikuwa karani aliyetumwa na ofisi, na karani huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na mfuko wa ngozi, daftari kubwa jeusi la kumbukumbu, kalamu mbili, na hati nzuri ambayo niliionea fahari kuliko mtu mzima anavyopaswa kuona fahari.

Bodi niliyoipenda zaidi ilikuwa ya shule ya wasichana iliyo ukingoni mwa Mji wa Kale. Jina lake naliacha. Ilikuwa nyumba ya zamani ya mawe iliyoongezwa ghorofa ya saruji juu, na ngazi ambazo kila mwenyekiti aliahidi kuzitengeneza. Mwenyekiti niliyemkuta aliitwa Mzee Twahir, muuza rangi, makufuli na bawaba. Mzee huyu aliipenda shule ile kwa dhati. Binti zake wanne walisoma pale, na mlango wa shule ukilegea alikuja mwenyewe na bisibisi mfukoni. Nasema haya mapema ili msimhukumu kabla hamjamaliza kusoma.

Sasa, utaratibu wetu ulikuwa hivi. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, Mzee Twahir hukaa barazani mbele ya nyumba yake na wenzake wawili, nao pia ni wajumbe wa bodi. Muuza kahawa hupita na birika lake, kashata zikawekwa katikati, na mambo ya shule yakazungumzwa pamoja na bei ya papa na nani kamposa nani. Ikifika wiki ya mkutano, nilitumiwa salamu nipite. Nilikaa mwisho wa kibao, daftari gotini, nikaandika waliyoyaamua. Ijumaa nilipiga taipu kwenye stensili na kutoa nakala. Jumamosi asubuhi bodi nzima ilikutana shuleni. Dua ilisomwa, Mzee Twahir akauliza, "Jamani, tu pamoja?" watu wakaitikia, "Tu pamoja," na mahamri na mbaazi zikaletwa. Watu walipokuwa wakifuta mikono, mimi niligawa kumbukumbu za mkutano uleule waliokuja kuufanya.

Nilijisifu kwa jambo hilo, Mungu anisamehe. Makarani wengine walichukua mwezi mzima kuandika kumbukumbu zao, na mimi zangu zilikuwa tayari kabla ya mkutano kufunguliwa. Afisa wetu aliwahi kunionyesha kwa wenzangu kuwa mfano wa kuigwa. Sikujiuliza ni nani ambaye hakuwapo barazani. Hakuwapo Bi. Mwanaisha, mwakilishi wa wazazi, kwa kuwa mwanamke hakai kwenye baraza la wanaume. Hakuwapo Bwana Kitsao wa bandari ya samaki ya Liwatoni, ambaye saa hizo yuko kazini. Hakuwapo Bwana Wafula wa reli, Mkristo kutoka bara, aliyeishi Mombasa miaka kumi na minane na bado akijiita mgeni. Hao Jumamosi walikula mbaazi na kusema tu pamoja.

Mwalimu mkuu alikuwa Bi. Mghoi, Mtaita, mwalimu wa kemia, mwanamke mrefu anayetembea na funguo mkononi. Hakuwa mtu wa kuzunguka akiwaamkia wazee majumbani kwao. Alikuwa akiandika barua. Barua zake zilikuwa fupi, zimepigwa taipu bila kosa hata moja, na zote zinazohusu bodi zilipitia kwangu.

Mwaka mmoja alihamisha mafunzo ya maabara ya kidato cha nne, akayaweka saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja. Saa kumi ndiyo saa ya madrasa. Wasichana wakawa wanakosa madrasa siku tatu kwa wiki, na kina mama wakalalamika kwa waume zao, na waume wakalalamika barazani. Mzee Twahir alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli. "Mwanamke huyu atuona sisi si watu," alisema. "Hata kuuliza hakuuliza." Wenzake wakasema ahamishwe. Mimi, mwisho wa kibao, nikaandika kwamba wajumbe wote kwa kauli moja wameiomba ofisi ya elimu imhamishe mwalimu mkuu kwa kutojali mila za wenyeji. Na ili azimio lipate uzito, nikaongeza kwa hati yangu nzuri kwamba Bwana Wafula aliliunga mkono kwa maneno mazito. Nilimchagua yeye kwa kuwa ni wa bara na Mkristo. Niliona itapendeza.

Jumamosi ile Bwana Wafula hakuja. Alikuwa Voi na gari moshi lake. Nami nikagawa kumbukumbu vilevile.

Wiki mbili baadaye alikuja ofisini akiwa na nakala mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayevua kofia kila anapoingia mlango wowote. Akauliza, "Bwana Hamisi, haya maneno mazito, niliyasema kwa lugha gani?" Nikacheka, naye akacheka, nikamwagizia chai. Hakushtaki popote. Lakini alipotoka sikuweza kurudi kwenye taipu mpaka adhuhuri.

Azimio lilifika kwa afisa likakaa mezani kwake. Muda wa bodi ile ulikuwa umekwisha, na bodi mpya ilikuwa yaja, kwa hiyo afisa akaamua: bodi mpya ikilithibitisha kabla ya muhula kufungwa, Bi. Mghoi ataondoka, na angepelekwa mbali kweli, kaskazini, wakati mume wake alikuwa amelazwa hapa mjini akitibiwa figo. Wajumbe wengi walirudi walewale. Mzee Twahir alisema amechoka na uenyekiti, akampendekeza Bi. Zuhura, jamaa ya marehemu mkewe. "Ni mtu wetu," aliniambia, "na hana maneno mengi."

Kuhusu maneno mengi alisema kweli. Bi. Zuhura alikuwa amestaafu kazi ya simu. Miaka mingi alikuwa msimamizi wa wasichana waliokaa mbele ya ule ubao mkubwa wa kuunganishia simu, wakati ambapo ukitaka kuzungumza na Nairobi huna budi kumwomba mtu. Alikuwa mfupi, buibui lake safi siku zote, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Akikusikiliza, hufumba macho kidogo. Mara ya kwanza nilidhani amesinzia, nikapunguza sauti. Akasema bila kufumbua, "Endelea, nakusikia vyema."

Kitu cha kwanza alichotaka ni daftari jeusi. Hakulitaka nyumbani, alikuja kulisoma ofisini kwangu, asubuhi mbili mfululizo, akipitisha rula chini ya kila mstari. Nilifurahi. Nilidhani anaifurahia hati. Asubuhi ya pili alifunga daftari, akavua miwani.

"Ndoo, keti hapa, mwanangu," aliniambia, na mimi wakati huo nina wajukuu wawili. "Mkutano huu wa kumhamisha mwalimu, Bwana Wafula alikaa wapi?"

"Karibu na dirisha," nikasema. Uongo ulitoka wenyewe, mwepesi kabisa.

"Alivaa nini?"

Nikaitazama rula yake.

"Mimi nimekaa kwenye simu miaka ishirini na tisa," akasema. "Watu wawili wakizungumza kweli, huwa wanakatizana. Mmoja hukohoa, mwingine husema ati nini, mwingine hurudia. Humu ndani miaka mitatu hakuna aliyemkatiza mwenziwe. Watu wote wakubaliana kwa lafudhi moja. Ni lafudhi yako, Hamisi."

Nikamwambia yote, baraza, kashata, stensili za Ijumaa. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia tangu utotoni. Nilimwambia yote isipokuwa jambo moja, na hilo nitalifikia. Nilingoja aseme ataniripoti. Akaingiza miwani kwenye mfuko wake akasema, "Mimi sitasema neno. Utasema wewe, mbele yao. Au hutasema. Hiyo ni juu yako." Kisha akaniomba nimtafutie daftari jipya, la karatasi tupu.

Nataka mjue alivyofanya baada ya hapo, kwa sababu hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye bodi yoyote, na haimo katika semina. Hakulipiga vita baraza. Mwingine angesimama akawahutubia wazee kuhusu taratibu, nao wangemsikiliza kwa adabu na wasibadili kitu. Bi. Zuhura aliuondoa mkutano Jumamosi asubuhi akauweka Alhamisi, saa kumi na nusu, baada ya alasiri. Akamwita muuza kahawa yuleyule, akamwambia siku ya mkutano birika lije veranda ya shule. Kashata alipika mwenyewe. Viti akavipanga duara, vyote vya aina moja, vile vya wanafunzi, vya mbao, vinavyouma. Mzee Twahir alipofika akakuta kila kitu cha Alhamisi yake kiko pale, ila safari hii na Bi. Mwanaisha ameketi, na Bwana Kitsao ameomba ruhusa kazini, na Bwana Wafula na kofia yake gotini.

Kabla ya kuanza alitaja mambo matatu, taratibu, kama mtu anayesoma namba za simu. La kwanza, karani ataandika hapa, na atasoma alichoandika kabla mtu hajainuka. La pili, hakuna atakayesema kwa niaba ya mwenziwe. La tatu lilinishtua hata mimi: wadogo watatangulia kusema, na wazee watamaliza. Mmoja wa wazee wa barazani akasema huo ni ukosefu wa heshima. Bi. Zuhura akamjibu, "Ami yangu, ukisema wewe kwanza, nani hapa ana uso wa kukupinga? Basi tutakuwa tumekuja kunywa kahawa tu. Wewe neno lako ndilo la mwisho, na la mwisho ndilo zito." Mzee akatafakari, akaona ameheshimiwa, akachukua kashata.

Jambo la siku ile lilikuwa moja: azimio la kumhamisha Bi. Mghoi lithibitishwe au lisithibitishwe. Yeye mwenyewe, kama ilivyo desturi jambo linapomhusu katibu, alikuwa ametupisha akaingia ndani. Kutoka nilipoketi nilimwona kupitia dirishani, amesimama kwenye korido, funguo mkononi.

Mdogo kwa umri alikuwa Bi. Mwanaisha. Miaka miwili alikuwa kwenye bodi na sikumbuki kuwahi kuiandika sauti yake, hata ya kutunga mwenyewe. Aliangalia chini. Tulingoja. Birika lilipita duara zima. Nikamwuliza mwenyekiti kwa sauti ya chini, "Niandike nini?"

"Andika, amenyamaza."

Nikaanza kuandika. Bi. Mwanaisha akainua kichwa. "La, usiandike hivyo," akasema. "Sikunyamaza. Nafikiria." Halafu akasema, mwanzo kwa sauti ya kutetemeka. "Mimi binti yangu yuko kidato cha nne. Ni kweli akosa madrasa, na roho yaniuma. Lakini mwalimu huyu, binti yangu alipougua malaria, alikuja nyumbani kwangu kwa miguu na vitabu vyake. Sijaona mwalimu mkuu mwingine kuingia uchochoro wetu. Sijui kwa nini ameweka masomo saa ile. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nataka aulizwe kwanza."

Nikaandika neno kwa neno. Bwana Kitsao naye akasema aulizwe. Zamu ikafika kwa Bwana Wafula. Akageuza kofia yake mara mbili.

"Mimi," akasema, "kwa mujibu wa kitabu nilishasema. Tena kwa maneno mazito. Lakini siku ile nilikuwa Voi. Kwa hiyo leo ndiyo mara yangu ya kwanza, na ningependa kusema mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mzee Twahir aligeuka akanitazama, na Bi. Zuhura akafumba macho. Niliona wazi kwamba hatanisaidia. Nilisimama. Nikasema kumbukumbu zile niliziandika mimi, siku mbili kabla ya mkutano, na maneno ya Bwana Wafula niliyatunga, na kwamba hakuna mtu kwenye duara lile aliyewahi kuulizwa kama anakubali. Sikutaja baraza. Nilitaka kumsitiri mzee wangu.

Mzee Twahir aliweka mikono juu ya mkongojo. Kisha akasema, "Ongeza hapo, Hamisi. Andika kwamba ziliandikwa barazani kwangu, na mimi ndiye niliyekwambia uandike. Usibebe peke yako." Nawaambieni, nimewaona waheshimiwa wengi wakisema mambo makubwa kwenye vipaza sauti, lakini sentensi ile ndiyo ninayoikumbuka nikisikia neno uongozi.

Ni yeye pia aliyesema mwalimu aitwe. Bi. Mghoi akaja, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi kama sisi. Bi. Zuhura akamuuliza swali ambalo lilikuwa halijaulizwa kwa mihula miwili: kwa nini saa tisa?

"Maji," akasema Bi. Mghoi. "Mgao umebadilika. Mferejini maji hayaji asubuhi, yaja saa tisa. Siwezi kufundisha kemia bila maji, na mtihani hautawangoja. Nilieleza kwenye barua."

"Barua gani?" akauliza Mzee Twahir.

Akafungua faili lake, akatoa nakala ya kaboni, akaisoma. Ilikuwa na mistari sita. Ilieleza habari ya maji, ikasema kwamba mwalimu mkuu anajua saa tisa itagongana na madrasa na hapendi iwe hivyo, na ikaiomba bodi impatie mapipa sita yenye vifuniko, ili maji ya alasiri yawekwe, na maabara irudi asubuhi. Basi. Mapipa sita.

Bwana Kitsao akakuna kichwa. "Mapipa? Pale Liwatoni kuna mapipa yamelala juani mwaka wa pili huu. Kesho nayaleta na mkokoteni. Ila yananuka samaki." Na ni kweli aliyaleta, na ni kweli maabara ilinuka samaki muhula mzima, na wasichana wa kidato cha nne wakaniambia baadaye kwamba hata wakisikia harufu ya papa mnadani huikumbuka asidi.

Azimio likafutwa. Niliandika mwenyewe kwamba limefutwa kwa kauli moja, na safari hii kauli zilikuwa saba, niliihesabu midomo. Lakini kabla hatujafunga, Bi. Zuhura aliiomba ile nakala ya barua. Akaishika karibu na miwani.

"Barua hii ya mwalimu ilipelekwa," akasema. "Ilipokelewa na nani?"

Hapa ndipo penye lile jambo moja. Barua ilikuwa kwangu. Niliipokea, nikaichukua hadi barazani Alhamisi moja, na siku hiyo wazee walikuwa wakizungumzia harusi. Nikasema nitawapa wiki ijayo. Wiki iliyofuata lalamiko la madrasa lilikuwa limeshafika, hasira imepanda, na nikaona nikiitoa sasa nitaulizwa ilikuwa wapi. Nikairudisha ndani ya faili, nikaiweka chini kabisa. Mtu alikuwa karibu kuhamishwa mbali na mume mgonjwa kwa ajili ya karatasi iliyokuwa mikononi mwangu. Nami siku ile nilikuwa nimeshasimama mara moja. Nguvu ya kusimama mara ya pili sikuipata.

Tulingoja. Kila mmoja alimtazama mwenziwe. Kisha Bi. Zuhura akasema, kwa sauti ileile ya kawaida, "Karani, andika. Hakuna aliyejibu."

Nikaandika kwa mkono wangu. Nikasoma kwa sauti kabla watu hawajainuka, kama ilivyotakiwa, na sauti haikutetemeka.

Baada ya hapo bodi ile ilifanya kazi. Ngazi zilitengenezwa. Mzee Twahir akawa mjumbe wa kwanza kufika kila Alhamisi, na akazoea kusema wa mwisho mpaka siku moja nilimsikia akimkemea mjukuu wake aliyemtanguliza kusema. Bodi za shule nyingine kisiwani zikamwomba Bi. Zuhura aje awatazame, naye akaenda, akafumba macho, akasikiliza. Mume wa Bi. Mghoi alipona kwa kiasi chake. Mimi niliandika yote palepale kwenye mkutano, nikawa na wino kwenye mkono wa kanzu kama karani yeyote, na hati yangu ikaharibika. Sasa inasomeka kwa shida, lakini iliyomo ni kweli.

Isipokuwa mstari mmoja.

Mkutano wangu wa mwisho ulikuwa mwezi uliopita. Veranda ileile, viti vilevile vinavyouma. Mnajua nyote kwamba baada ya kusomwa kumbukumbu za nyuma, mwenyekiti huuliza kama kuna yatokanayo, yaani kama kuna jambo la mikutano iliyopita ambalo halijaisha. Bi. Zuhura, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa mkono, akauliza, "Kuna yatokanayo?" Watu wakatikisa vichwa. Karani huwa haulizwi, na miaka yote ile sikuwahi kuinua mkono. Niliuinua.

"Kwenye daftari la kwanza la mwenyekiti," nikasema, "kuna swali la barua ya mapipa, lililoandikwa kwamba hakuna aliyejibu. Nataka kulijibu. Ilipokelewa na mimi. Niliificha." Nikamgeukia Bi. Mghoi, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine mengi ya kueleza, yakanipotea.

Bi. Mghoi aliziweka funguo zake mezani. "Bwana Hamisi," akasema, "daftari langu la kupelekea barua lina sahihi yako tangu siku ile uliyoipokea. Kila mwaka nikifunga faili naiona."

"Na hukusema?"

"Siku ile ulikuwa umeshasimama peke yako mara moja mbele ya wazee wako. Nikaona inatosha kwa siku moja. Nikasema, hii ya pili ataileta mwenyewe."

Nililia, na sioni haya kuiandika. Mzee Twahir alinipa leso yake. Bi. Zuhura alikuwa amefumba macho muda wote huo, na alipoyafumbua hakunitazama mimi, alitazama daftari lililokuwa wazi mbele yangu, na kalamu niliyokuwa nimeiweka kando.

"Karani," akasema, "mbona huandiki?"

Nikachukua kalamu, nikaandika.